Nusu za Wendell

Mume wangu, Wendell Kapuniai, amejaliwa kipaji cha kuanza. Uani kwetu hapa Waimanalo, Hawaii, kuna mtumbwi wenye ubavu mmoja, aliouanza mwaka tuliooana. Jikoni kuna ukuta uliopakwa rangi ya manjano mpaka usawa wa dirisha, halafu rangi ikaisha, au hamu ikaisha, sijui ipi ilitangulia. Na mbele ya nyumba kuna baraza. Lina nguzo sita za haja, sakafu ya mbao iliyopigwa randa ikalainika, ngazi tatu imara, na juu yake mbingu ya Mwenyezi Mungu. Mvua ya upande wetu wa kisiwa haina adabu, hunyesha jua likiwaka, kwa hiyo kwa miaka saba wageni wetu walikuwa wakipokewa barazani na kukabidhiwa mwavuli.

Nisimsingizie uvivu. Kazi yake ni kuzibua mabomba ya maji machafu ya mji, na mabomba huyazibua mpaka tone la mwisho, kwa sababu msimamizi huwa amesimama juu ya shimo akimtazama. Nyumbani msimamizi ni mimi, ila cheo changu hakijawahi kutambuliwa.

Mwaka wa sabini na nane dada yangu Lorraine alikuwa amekwisha kuhamia Las Vegas, kama walivyohamia wengi wa huku waliochoshwa na bei za kisiwani. Akanipigia simu kwamba kwenye hoteli anakofanya kazi wanatafuta mwanamke wa kusimamia udobi, na chumba cha kulala kipo kwake. Akaongeza kwamba nyumba yake ina paa lote. Hilo alilisema kwa makusudi, namjua Lorraine. Nilizunguka na maneno yake wiki nzima, kisha jioni moja nikayatua mezani kati ya wali na samaki. Sikuwa na hasira, na nadhani ndicho kilichomtisha Wendell, maana hasira zangu alikwisha kuzizoea.

"Wendell, nimechoka kuishi na nusu nusu," nilimwambia. "Mwezi wa tatu nakwenda kwa Lorraine. Na sijui kama nitarudi."

Alitafuna mpaka akameza. Hilo peke yake lilikuwa tukio.

"Nipe kitu kimoja, Doreen. Nikianza kimoja nikakimaliza, ubaki."

"Kimoja tu?"

"Kimoja."

Nikakubali. Nikamtazama, nikatazama dirishani kule barazani, nikamtazama tena, nikaona tumeelewana. Wiki iliyofuata akarudi kutoka baa, uso umemwiva kwa furaha, akanipasha kwamba kitu chenyewe amekipata: ametia jina lake kwenye mbio. Mwanamume anaambiwa aezeke baraza, anakwenda kuogelea.

Mbio zenyewe zilizaliwa na bia na ubishi, wazazi wa mambo mengi ya huku. Wakimbiaji walidai wao ndio wanaume, waendesha baiskeli wakadai wao, na wapiga makasia, kina Wendell, wakasema bahari ndiyo inayojua nani mwanamume. Aliyewasuluhisha ni Gordon Lindquist, daktari wa meno, Mzungu aliyekuja kisiwani kwa likizo akasahau kuondoka. Yeye akasema yafanywe yote matatu, siku moja, mfululizo, na atakayebaki amesimama ndiye atakayeruhusiwa kuongea. Jina la michezo ya namna hiyo hatukuwa nalo. Tuliiita Wazimu wa Gordon, na nadhani tungeendelea kuita hivyo tusingekosea.

Kanuni zake zilikuwa chache. Unaogelea kukatisha ghuba, unaendesha baiskeli kufuata pwani hadi Kahana na kurudi, kisha unakimbia kuzunguka Waimanalo yote na kumalizia kwenye bustani ya ufukweni. Barabara haifungwi. Maji hugaiwi na mtu. Kila mshindani aje na gari lake, watu wake na kinywaji chake, wamfuate nyuma. Na kulikuwa na mizani. Gordon alikuwa amesoma mahali kwamba jua na jasho humkausha mtu hadi akafa, kwa hiyo kila mmoja angepimwa asubuhi, apimwe tena akishuka kwenye baiskeli, na aliyepungua zaidi ya ratili tano angeondolewa. Daktari wa mbio alikuwa Gordon mwenyewe. Yaani ukivunjika mguu, ungeambiwa upanue mdomo.

Mazoezi Wendell aliyaanza. Sina la kuongeza hapo. Baiskeli aliazima kwa mpwa wake Kehau, ya zambarau, ina kikapu mbele na kengele. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako; hawakuiona baiskeli ya kuazima ikijaribu kuyabeba. Viatu alinunua vipya, vya kukimbilia hasa, vyeupe, na usiku wa kuamkia mbio aliviweka mezani karibu na sahani yake akawa anavitazama kama mtoto siku ya Krismasi. Nilitaka kumcheka, lakini kicheko hakikutoka. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda, na nusu yake ilikuwa imekwisha kupangwa. Nusu na mimi, mnaona. Maradhi ya nyumba huambukiza.

Asubuhi walijipanga ufukweni wanaume kama kumi hivi. Wendell alipanda mizani, Gordon akaandika, nyusi zikapanda. Wakaingia majini. Na hapo sina budi kusema kweli: mume wangu baharini si yule wa nchi kavu. Alikwenda bila kelele, mgongo wake mpana ukipasua maji, akawaacha wakimbiaji wakipigana na mawimbi, akatoka wa tatu. Moyo wangu uliruka. Nikaukemea, nikaukumbusha kwamba kuanza ndicho kipaji chake.

Aliyetoka wa kwanza, Trent, mwanamaji wa kambi ya jeshi, alirukia baiskeli yake bila hata kujifuta. Wendell alijifuta. Akasugua mchanga vidoleni. Akavaa shati la maua, akawabusu binamu zake wote waliokuja kumtazama, akamuuliza mmoja wao habari za goti lake, akasubiri jibu. Melvin, mdogo wangu, aliyekuwa dereva wetu, alikuwa amelala usingizi kwenye usukani. Nilipanda nyuma ya pikapu yake na ndoo ya barafu, maji na ndizi, tukaanza kumfuata mtu mzima juu ya baiskeli ya msichana.

Sasa, Melvin mdomo wake hauna mlango. Kwa wiki mbili alikuwa amekwisha kusambaza pwani nzima habari ya mizani, na habari ilipokuwa inapita kutoka jiko hadi jiko ilibadilika sura. Gordon alikuwa anazungumzia maji mwilini. Mashangazi wa Wendell walichosikia ni kwamba kuna Mzungu anataka kumfukuza mtoto wao kwa kuwa amekonda. Na kwetu, mtoto wako akisemwa amekonda, aliyetukanwa ni wewe.

Wendell ana mashangazi kwenye kila kona ya barabara ile, wa damu na wa kuitwa tu, na huwezi kupita mbele ya nyumba ya shangazi yako kama mbwa asiye na mwenyewe. Unashuka, unasalimia, unakula. Wa kwanza tulimkuta kwenye mji wa Kaneohe, amesimama katikati ya barabara na sahani, magari yakimzunguka. Wali, nyama ya kopo, yai. Wendell alikula akiwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, nikasema basi, si neno, mtu anahitaji nguvu. Wa pili alikuwa maili tatu mbele, na wa pili alikuwa na kiti. Nilimnong'oneza Wendell kwamba haya ni mashindano, akaniambia kwa upole kwamba shangazi yule ndiye aliyemfundisha kuogelea. Wa tatu sijui alimfundisha nini, lakini alikuwa na maandazi ya Kireno ya moto, na hayo hata mimi nilikula, kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alitoka Madeira, kisiwa cha Wareno, na nina haki nayo.

Tulipofika Kaaawa, kwa Shangazi Pua, tulikuta moshi. Shangazi Pua ni dada mkubwa wa marehemu baba yake Wendell. Alimlea kwa mkono wake, na mkono huo una kijiko. Alikuwa amechimba shimo tangu juzi, akapanga mawe ya moto, akafukia nguruwe. Nguruwe mzima. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakipiga magitaa, mbio zenyewe wamekwisha kuzisahau. Wendell alivua viatu vyake vipya mlangoni kama mtu aliyelelewa vizuri, akaingia ndani.

Nilibaki nje na Melvin, nikihesabu waendesha baiskeli waliokuwa wanarudi kutoka Kahana. Trent alipita. Mwingine akapita, na mwingine, hadi mzee mmoja mwenye bandeji akapita, akanipungia mkono. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa inanichekesha. Si ndicho nilichotaka? Mtu akae humo ndani, alale baada ya nguruwe, na mimi niende zangu Las Vegas nikiwa na mashahidi. Lakini nilikuwa nimeingia mlangoni kabla sijajua miguu inanipeleka wapi.

Shangazi Pua alikuwa anamjazia bakuli la poi, uji wetu wa magimbi, mzito, wa kijivu, wa kukaa tumboni wiki.

"Shangazi, bado ana safari," nilimwambia.

"Ndiyo maana anakula, mwanangu," akasema. "Wewe unataka wamwone mifupa?"

Mifupa ya Wendell haijaonekana tangu ubatizo. Nilimshika mkono nikamwinua, akashukuru kila mtu mmoja mmoja, tukatoka. Mlangoni palikuwa na lundo la viatu vya watu arobaini, na vile vyeupe havikuwemo. Kuna binamu fulani alikuwa ameondoka mapema kwenda kazini, na alikuwa ameondoka vizuri. Wendell hakulalamika. Alichagua kandambili za buluu, ndogo kwa vidole viwili, akapanda baiskeli ya zambarau, akapiga kengele, akaenda Kahana na kurudi. Shangazi Pua alipanda pikapu yetu na sufuria lake la poi. Hakuna aliyemwalika.

Kwenye mizani, Gordon alimpima mara mbili. Akaipiga mizani teke kidogo, akampima mara ya tatu. Wendell alikuwa ameongezeka ratili tano.

Daktari wetu wa meno alibaki ametoa macho. Kanuni yake ilijua mtu anayepungua. Ya anayeongezeka hakuiandika, kwa sababu hakuwa na shangazi. Shangazi Pua alimgonga bega, akamuuliza kama sasa ameridhika. Gordon akafuta miwani, akasema mshindani anaruhusiwa kuendelea. Kisha akanivuta kando, akaniambia taratibu kwamba wengine wote wamekwisha kumaliza, na hakuna atakayemlaumu mume wangu akiishia hapo. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo shida yake, hakuna mtu amewahi kumlaumu isipokuwa mimi.

Akakimbia. Kama ni kukimbia. Nguruwe, maandazi, wali na poi vilikuwa vinakimbia naye, kila kimoja kwa mwendo wake. Alitapika kwenye maua ya kanisa, akayaomba radhi. Kandambili moja ilikatika, akaifunga kwa kamba niliyomrushia. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya milima, nami nikamwambia Melvin aendelee kumfuata polepole na Shangazi Pua, mimi nishuke nyumbani kwanza. Njia ya mbio ilipita mlangoni kwetu, nusu maili kabla ya mwisho, na jikoni nilikuwa nimeacha supu: maharage, soseji, viazi, kama alivyopika bibi. Kwetu hakuna jambo linalokwisha bila chakula, na nilikuwa nimepanga kulipeleka sufuria ufukweni, liwe la kupongeza au la kuagana.

Supu ilikuwa imechemka tena ndipo nikasikia ngazi za baraza zikilia. Nikatoka, upawa mkononi. Wendell alikuwa amekaa ngazi ya tatu, miguu imenyooka, vidole vinavuja damu, uso rangi ya ukuta wa jikoni, ile nusu isiyopakwa. Pikapu imesimama barabarani. Shangazi Pua alikuwa amekwisha kushuka.

"Mwache apumzike, dada," Melvin aliniambia kupitia dirishani. "Amejitahidi. Amefika nyumbani."

Amefika nyumbani. Ndivyo kila kitu chake kinavyokwisha. Kinafika nyumbani kinakaa. Mtumbwi ulifika nyumbani. Nguzo zilifika nyumbani.

"Doreen," Shangazi Pua akasema, "mpe mtoto chakula."

Nataka mnielewe. Sufuria lilikuwa nyuma yangu, mlango wazi, harufu imejaa baraza lote na kupanda juu bila kizuizi. Nilichotakiwa kufanya ni kuchota bakuli moja. Angekula, angeegemea nguzo, na asingeinuka tena hadi Jumatatu. Watu wote wa pwani ile wangenisifu kwa wema wangu. Na mwezi wa tatu ningepanda ndege bila hata mmoja wa kuninyooshea kidole, maana mtu kaanza, hakumaliza, kashindwa mwenyewe. Sijawahi kupewa mlango wazi namna ile maishani mwangu. Na nikauona ulivyo wazi, nikaogopa, kwa sababu sikutaka kupita.

"Hakuna chakula," nikasema.

Shangazi Pua alishika kifua. Wendell aliinua kichwa.

"Doreen, nasikia harufu ya supu."

"Unasikia ya jirani."

"Nimekaa kwangu, Doreen."

"Baraza halina paa, bado si nyumba. Inuka hapo."

"Mwanamke wewe!" Shangazi Pua akasema. "Unamnyima mtu chakula mlangoni kwake?"

"Ninamnyima, Shangazi. Maji ameyavulia nguo, atayaoga. Akimaliza atakula hadi apasuke."

Hakuna mwanamke wa pwani yetu aliyewahi kusema hivyo, na natumaini hakuna atakayelazimika. Machozi yalikuwa yananitoka, ya hasira, nikayafutia upawa, nikajipaka supu shavuni. Wendell alinitazama. Akalitazama shavu langu lenye maharage. Sijui alisoma nini, lakini alikisoma kabla yangu.

"Las Vegas kuna joto sana," akasema.

"Nimesikia hivyo."

Akashika nguzo, akainuka. Nguzo ile, nisiwe mchoyo wa sifa, haikutikisika hata kidogo. Akavua kandambili zote mbili, akaziweka sawasawa juu ya ngazi, akatoka barabarani pekupeku.

Nililifunga sufuria kwa shuka la kitanda, nikapanda nyuma ya pikapu nikalipakata. Lilinichoma mapaja njia nzima. Mbele yetu, kwenye mwanga wa taa za Melvin, mume wangu alikwenda, mara akichechemea, mara akitembea, mara akijisukuma kwa mikono magotini. Shangazi Pua alikuwa amenipa mgongo, ila tulipofika penye kona ya mwisho nilisikia anaomba kwa Kihawaii, kwa sauti ya chini, na alipotaja jina la Wendell niliitikia amina.

Ufukweni walikuwa wamekwisha kukunja meza. Kamba ya kumalizia ilikuwa imefunguliwa, imefungwa juu ya gari la mtu. Trent alikuwa amekwenda kuoga na kulala. Gordon alikuwepo, na mzee mwenye bandeji, na mbwa. Gordon alipoona taa zetu alikimbilia gari lake, akawasha za kwake, akachora mstari kwenye mchanga kwa kisigino. Wendell akauvuka. Hakuinua mikono, hakuanguka. Alisimama upande wa pili, akageuka, akautazama mstari ule kama kitu alichokipata njiani asichojua ni cha nani.

Nilimlisha hapohapo mchangani, mabakuli matatu, mimi nikishika kijiko maana mikono yake ilikataa. Alipomaliza nililia waziwazi, na wala sikumsingizia jirani.

Shangazi Pua alininunia hadi Pasaka. Mpaka leo kwenye kila sherehe husimuliwa jinsi yule msichana wa Kireno alivyomnyima Wendell supu mlangoni kwake akiwa anavuja damu, na wanawake hunitazama wakitikisa vichwa, na mimi huwapitishia wali. Lorraine nilimpigia simu nikamwambia siji. Akaniuliza kama paa limekwisha.

Nikamwambia Wendell amelianza. Alilianza kweli, wiki ileile, miguu ikiwa bado imefungwa vitambaa, akaezeka upande wa kushoto wote, vizuri sana, mbao na mabati na mfereji. Upande wa kulia ungali mbingu. Mvua ikija tunasogeza viti upande wa kushoto, na tunatosha.